Moyo Kuelea: Damu ya Mwanadamu Majini na Angani

Kamusi za Kiswahili zimehifadhi usemi ambao siku hizi husikika kwa nadra mijini: moyo wamwelea. Mgeni wa lugha angeweza kudhani kwamba mtu anayesemwa hivyo amefurahi au amependa, kumbe ameshikwa na kichefuchefu na yu karibu kutapika. Kitenzi chenyewe, kuelea, ni cha watu wa vyombo. Mtumbwi huelea, gogo huelea, na mtu aliyekwisha kuyazoea maji huelea. Kitenzi hicho hicho kina maana nyingine, ya jambo kuwa wazi akilini: yamemwelea, yaani ameyafahamu, na katika ukoo huo ndimo walimozaliwa kueleza na kuelewa. Ni lugha chache zilizoweka katika mzizi mmoja maji, tumbo lililochafuka na akili iliyotulia.

Mwezi Agosti 1961 usemi huo wa kale ulipata mtu wa kumfaa kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia. Gherman Titov, Mrusi aliyekuwa mtu wa pili kuizunguka dunia, alikaa angani kwa muda uliozidi siku moja na akawa wa kwanza kuugua kichefuchefu huko juu. Tangu hapo imebainika kwamba zaidi ya nusu ya wanaanga hupatwa na hali hiyo katika siku zao za mwanzo. Mmarekani Mae Jemison, daktari ambaye wasifu wake humtaja kuwa mzungumzaji wa Kiswahili, alipokwenda angani Septemba 1992 alishiriki katika jaribio lililohusu kichefuchefu hicho hicho. Chanzo chake kikubwa kimo katika sikio la ndani, lenye viungo vya kutambua juu na chini, wala hakimo moyoni. Hata hivyo moyo nao, ule wa nyama unaodunda kifuani, huelea kweli pale uzito unapoondoka, na mambo yanayoufika yeye pamoja na damu yake ndiyo maudhui ya mhadhara huu.

Ili maudhui hayo yaeleweke, msomaji anaombwa aende kwanza ufukweni. Rasi ya Bangwe imejitokeza ndani ya Ziwa Tanganyika kusini mwa ghuba ya Kigoma, si mbali na Ujiji. Ufuko wake una miamba mahali pengi, na maji yake hupata kina upesi, kama ilivyo desturi ya ziwa lenye kina kinachofika mita 1,470. Bangwe imechaguliwa kwa sababu nyepesi: sehemu kubwa ya yale yanayotokea katika damu ya mwanaanga saa za mwanzo za safari yake hutokea pia katika damu ya mtu yeyote anayeingia maji hayo hadi shingoni. Tofauti zipo, na zitaelezwa mahali pake, kwa maana ndizo zilizowashangaza wataalamu.

Kabla ya kuingia majini ipo kazi ya kulisafisha neno uzito. Mchuuzi wa dagaa anayeweka fungu lake juu ya mizani hatatizwi na neno hilo. Kwake uzito ni wingi wa mali. Vitabu vya sayansi vya shule, kwa upande mwingine, vimetenganisha mambo mawili. Wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu vimeuita tungamo. Nguvu ambayo dunia hukivutia kitu hicho chini vimeiita uzito. Wako waliolidharau neno tungamo wakisema limeundwa mezani na halina wasemaji. Dharau hiyo haina haki. Pasipo kutenganisha mambo hayo mawili, mtu hawezi kueleza kwa Kiswahili jinsi mwanaanga mwenye tungamo la kilo 70 anavyobaki na kilo zake zote 70 huku mizani aliyoikanyaga ikisoma sifuri.

Kosa la pili hulifanya hata wasomi. Hudhaniwa kwamba huko juu mvuto wa dunia umekwisha. Kituo cha Kimataifa cha Anga husafiri kwenye kimo cha kilometa 400 hivi, na kwenye kimo hicho mvuto bado unakaribia sehemu tisa kwa kumi za ule uliopo Kigoma. Kituo hakielei kwa kukosa mvuto, kinaanguka. Kinaanguka mfululizo, lakini kwa kuwa kinakwenda upande kwa kasi ya takriban kilometa 28,000 kwa saa, ardhi nayo inapinda chini yake kwa kadiri ile ile, hivyo hakifiki chini. Kila kilichomo ndani yake, mtu, kikombe na tone la damu, kinaanguka nacho sawia.

Kijana wa Bangwe anayejirusha kutoka juu ya mwamba wenye kimo cha mita tatu huionja hali hiyo kwa muda usiotimia sekunde moja. Tangu nyayo zake zilipoachana na jiwe hadi zinapoyagusa maji, hana uzito wowote. Lau angekuwa amejitwika ndoo, ndoo isingemlemea kichwani, kwa sababu nayo ingekuwa inaanguka kwa kasi sawa na yake. Kadhalika ndani ya mishipa yake: damu ya juu hailemei tena damu ya chini. Sekunde moja ni fupi mno kwa moyo kushughulika nayo. Mwanaanga huishi ndani ya sekunde hiyo kwa miezi sita.

Nchi kavu hali ni nyingine. Mtu aliyesimama ni kama mtungi mrefu uliojaa kimiminika. Kati ya moyo na nyayo upo umbali wa zaidi ya mita moja, na damu iliyojaa katika umbali huo hukandamiza kwa uzito wake. Shinikizo la wastani la damu katika ateri zilizo usawa wa moyo hukaribia milimita 100 za zebaki. Nguzo ya damu yenye urefu wa mita moja huongeza milimita zipatazo 77. Kwa hiyo nyayoni shinikizo hukaribia 200, na kichwani, ambako damu hupanda, hushuka hadi kwenye 70. Mwili mmoja, dakika moja, vipimo vitatu. Ndiyo sababu mpimaji wa hospitali hufunga kitambaa chake mkononi, usawa wa moyo, asifunge kwenye kifundo cha mguu wa mtu aliyesimama.

Hapa lugha inahitaji uangalifu kidogo. Neno mshipa katika maongezi ya kila siku hubeba bomba la damu, neva, na hata ugonjwa wa ngiri, hivi kwamba mgonjwa akisema ana mshipa daktari hulazimika kuuliza tena. Presha nayo imegeuka jina la maradhi: fulani ana presha, watu humhurumia, ilhali asiye na presha kabisa ni maiti. Vitabu vya fizikia vikaleta kanieneo, hospitali zikachukua shinikizo. Katika mhadhara huu ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni, vena ni ile inayoirejesha, na shinikizo ni shinikizo.

Shida ya mtu aliyesimama haiko kwenye ateri, ambazo zina kuta nene. Iko kwenye vena. Vena ni laini, hutanuka zikijazwa, na mtu akiinuka kutoka kitandani damu inayozidi nusu lita humshukia miguuni na tumboni. Damu hiyo haijapotea, ila haimo kifuani, na moyo hauwezi kusukuma usichokipokea. Mwili huyaona hayo mara moja kwa vihisio vilivyomo shingoni na kwenye ateri kuu. Mapigo huongezeka, mishipa midogo hukazwa, misuli ya ndama za miguu huzikamua vena kila mtu apigapo hatua, na vali ndogo zilizomo ndani ya vena huizuia damu isirudi chini. Askari wa gwaride anayeanguka juani bila kuguswa ameyakosa hayo ya hatua na ya ndama; alisimama wima pasipo kutembea.

Twiga, ambaye Watanzania wamemfanya nembo yao, ndiye mwalimu bora wa somo hili. Moyo wake hulazimika kuipandisha damu kiasi cha mita mbili ili ifike kwenye ubongo, na kwa ajili hiyo shinikizo lililo usawa wa moyo wake ni takriban maradufu ya lile la mwanadamu. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kimarekani waliwafunga twiga wa porini nchini Kenya vipimo vyenye redio kwenye ateri ya shingo, wakawaacha waende zao, wakasoma shinikizo kutoka mbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966. Mwaka 1987 Alan Hargens na wenzake walionyesha katika jarida la Nature jinsi miguu ya twiga isivyovimba ijapokuwa inabeba nguzo ndefu namna ile: ngozi na utando uliomo chini yake vimebana kama soksi ngumu. Watu wa anga wanavutiwa na ngozi hiyo kwa sababu nzuri, kwa kuwa mavazi ya kubana miguu anayoyavaa mwanaanga arudipo duniani hufanya kazi ile ile ambayo twiga amezaliwa nayo.

Sasa mtu huyo aliyesimama na ateremke majini pale Bangwe, polepole, hadi maji yamfike shingoni. Maji nayo yana uzito, na yanakandamiza kadiri kina kinavyozidi. Mita moja ya maji hukandamiza kwa milimita 74 hivi za zebaki, na mita moja ya damu, kama ilivyokwisha kusemwa, kwa milimita 77. Namba hizo mbili zinakaribiana sana, na humo ndimo ilimo siri yote. Pale ambapo damu inausukuma ukuta wa mshipa kutoka ndani, maji yanausukuma kutoka nje kwa nguvu inayolingana nayo, na yanafanya hivyo katika kila kina. Vena za miguu hazina tena sababu ya kutanuka. Damu iliyokuwa imelala humo hukamuliwa kwenda juu.

Kiasi chake kimepimwa. Mwaka 1972 Arborelius na wenzake waliwakalisha watu majini, vichwa vikiwa nje, wakaona kwamba damu ya kifuani iliongezeka kwa takriban mililita 700 na kwamba kazi ya moyo ilipanda kwa karibu theluthi moja. Moyo hujaa zaidi na hutoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kijana mwenye afya halihisi jambo hilo, au hulihisi kama raha tu. Mzee ambaye moyo wake umechoka huweza kulihisi kwa namna nyingine, kifua kikabana na pumzi zikawa fupi maji yapitapo mbavuni, naye hana sababu ya kuona haya akirudi pwani.

Liko jambo jingine ambalo watoto wa ufukweni hulijua pasipo kufundishwa, kwamba mtu akikaa majini kitambo hubanwa na mkojo. Baridi husaidia, maana maji ya ziwa, ingawa huitwa ya uvuguvugu, kwa kawaida hubaki chini ya joto la ngozi kwa nyuzi kadhaa, na mishipa ya ngozi ikijikunja huongeza damu ya kifuani. Lakini hata katika maji yaliyopashwa moto mkojo huja. Otto Gauer na James Henry walilifuatilia jambo hilo katika miaka ya 1950 na kuhitimisha kwamba vyumba vya juu vya moyo, vinapotanuliwa na damu nyingi, huuarifu mwili kwamba maji yamezidi. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada waligundua kwamba vyumba hivyo hutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga chumvi na maji. Moyo, uliodhaniwa kwa karne nyingi kuwa pampu na basi, ukajulikana kuwa tezi pia. Inafaa kukumbushwa kwamba Gauer huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliochapisha mwaka 1960 utafiti mkubwa juu ya mzunguko wa damu wa twiga. Aliyetaka kuujua mwisho wa mzigo alimchunguza pia mnyama mwenye mzigo mkubwa kupita wote.

Moyo, basi, umedanganyika. Damu haikuongezeka hata tone. Imehama tu kutoka miguuni kuja kifuani. Lakini vihisio viko kifuani na shingoni, havipo miguuni, na mwili huyapokea maneno ya vihisio vyake kama yalivyo. Unapunguza maji. Hali ni hiyo hiyo angani. Katika siku ya kwanza au ya pili majimaji ya damu, yaitwayo plazima, hupungua kwa sehemu ya kumi au zaidi. Uso huvimba, vena za shingo husimama, na miguu hukonda hadi wanaanga wenyewe wameipa jina la miguu ya ndege.

Ufanano huo ndio uliowafanya wataalamu wa mwanzo wayatumie maji kuwa anga ya bei nafuu. Kabla ya mwanadamu kuruka, baadhi ya madaktari walihofu kwamba moyo usingeweza kufanya kazi sawasawa pasipo uzito. Mwaka 1961 Duane Graveline, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alichapisha matokeo ya kujizamisha mwenyewe majini, kichwa kikiwa nje, kwa siku saba. Alipotoka, kusimama kulikuwa taabu kwake. Warusi baadaye walibuni njia iliyo bora zaidi: mtu hulazwa juu ya turubai pana lisilopitisha maji, lililolegezwa juu ya birika, akazama pamoja nalo pasipo kulowa, hivyo ngozi yake isioze kwa kukaa majini siku nyingi. Wengine huwalaza watu kitandani wiki kadhaa, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu.

Hata hivyo maji si anga, na ni kosa kuzidisha ufanano huo. Mtu aliyemo majini bado ana uzito. Maji yanaubeba kutoka nje tu. Ini lake bado linaning'inia ndani ya tumbo, na sikio lake bado linajua mbingu iko wapi. Samaki mwenyewe, mathalani mgebuka anayeelea pasipo kuzama wala kupanda, hajawahi kutoka katika mvuto wa dunia hata siku moja. Zaidi ya hayo, maji hukandamiza, na anga haikandamizi.

Tofauti hiyo iliwaaibisha wataalamu. Kwa kuwa damu huhamia kifuani, wote walitarajia kwamba shinikizo ndani ya vena kubwa iliyo karibu na moyo lingepanda angani kama linavyopanda majini. Juni 1991 mwanaanga Drew Gaffney aliruka akiwa na mrija mwembamba ndani ya vena yake, ncha yake ikiwa karibu na moyo, ili jambo hilo lipimwe. Uzito ulipoondoka, shinikizo lilishuka. Vipimo vya wenzake katika safari nyingine vilionyesha hivyo hivyo, huku picha zikionyesha kwamba moyo umejaa zaidi kuliko duniani. Moyo uliojaa zaidi kwa shinikizo dogo zaidi ulikuwa kitendawili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba duniani uzito wa kifua chenyewe na wa viungo vilivyomo huubana moyo kutoka nje. Uzito ukitoka, kifua hupanuka na moyo huachiwa nafasi. Duniani, kumbe, hata nyama zinazouzunguka moyo ni mzigo juu yake, wala hakuna aliyekuwa amezihesabu. Kwa maneno ya usemi ule wa kale, moyo huelea kweli.

Siku chache zikipita, mwili hutulia katika kipimo chake kipya, na mwanaanga huweza kufanya kazi vizuri akiwa na damu kidogo kuliko aliyoondoka nayo. Miezi ikipita huja jambo zito zaidi. Moyo ni msuli, na msuli hukua kwa mzigo na hupungua kwa kukosa mzigo. Mmarekani Scott Kelly alikaa angani siku 340, kuanzia mwaka 2015 hadi 2016, akifanya mazoezi karibu kila siku. Mwaka 2018 Mfaransa Benoît Lecomte aliogelea katika Bahari ya Pasifiki kwa siku 159, kwa wastani wa takriban saa sita kwa siku. Timu iliyomhusisha mtaalamu wa moyo Benjamin Levine wa Dallas iliilinganisha mioyo ya watu hao wawili na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Tungamo la ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, lilikuwa limepungua kwa wote wawili kwa kiasi cha gramu 0.7 hivi kila wiki.

Kwa Kelly jambo hilo halikuwa la kushangaza. Kwa Lecomte lilikuwa la kushangaza mno, kwa maana mtu anayeogelea saa sita kwa siku angetarajiwa kuwa na moyo mnene kama wa mpanda baiskeli. Lakini kuogelea kwake kulikuwa kwa polepole, na tena kulikuwa kwa kulala. Majini alikuwa amelala kifudifudi, na akitoka alilala tena usingizi, hivi kwamba katika siku nzima saa za kusimama wima zilikuwa chache. Mfano wa mtu mmoja hauwezi kuwa sheria. Unatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba kule kusimama tu, ambako hakuna anayekuhesabu kuwa kazi, ni sehemu kubwa ya mazoezi ya moyo. Mama anayesimama tangu alfajiri akianika dagaa anaufanyia moyo wake kazi ambayo muogeleaji yule wa bahari kuu hakuufanyia.

Mioyo ya Kelly na Lecomte ilibaki mizima katika utendaji wake, na kupungua huko huonwa na wataalamu kuwa kujirekebisha, si ugonjwa. Hatari nyingine imejulikana karibuni zaidi. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya wanaanga 11 waliochunguzwa vena za shingo: kwa sita kati yao damu ilikuwa imetuama au inarudi nyuma, na mmoja alikutwa na bonge la damu ndani ya vena. Duniani damu ya kichwani hushuka yenyewe kama maji ya mfereji. Huko juu hakuna kushuka, na damu isiyotembea huganda.

Safari ya kurudi ndiyo inayoudhihirisha mwili uliokwisha kubadilika. Wale walioruka katika miaka ya 1990 kwa siku 9 hadi 14 walijaribiwa kusimama dakika kumi baada ya kutua. Kati ya 14, tisa walishindwa kuzimaliza. Damu yao ilikuwa pungufu, mishipa yao ilikuwa imesahau kujikaza kwa haraka, na ile nguzo ya mita moja na ziada ilikuwa imerudi yote kwa mara moja. Ndiyo sababu mwanaanga hunywa takriban lita moja ya maji pamoja na vidonge vya chumvi kabla ya kushuka, huvaa mavazi ya kubana miguu na tumbo, na hukaa katika kiti kilichomlaza chali. Wanaotua kwenye nyika ya Kazakhstan kwa chombo cha Soyuz hutolewa ndani kwa kubebwa, wakawekwa juu ya viti vya kuegemea kabla ya kuruhusiwa kusimama.

Ziwa Tanganyika nalo lina kutua kwake, na huko hakuna viti vilivyoandaliwa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku kwa taa, na kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huweza kuchafua maji kwa ghafla. Mtu ambaye mtumbwi wake umepinduka, akaelea kwa saa kadhaa akishikilia ubao, amepitia yale yote yaliyokwisha kuelezwa: maji yamezikamua vena zake, moyo umedanganyika, figo zimemwaga maji, na baridi imemnyong'onyesha. Anaonekana mzima. Anaita, anapunga mkono, anashika kamba. Anavutwa kwa mikono yote miwili, wima, hadi juu ya ubavu wa boti, na papo hapo anazimia, pengine haamki.

Mabaharia waliliona jambo hilo zamani. Katika mashindano ya mashua ya Fastnet, Agosti 1979, mabaharia 15 wa mashindano walifariki katika tufani kusini mwa Ayalandi, na baadhi yao walifariki wakati walipokuwa wakiokolewa, si kabla. Frank Golden na wenzake wa Uingereza walilifafanua katika makala ya mwaka 1991. Maji yaliyokuwa yakiibana miguu kutoka nje yanaondoka kwa sekunde moja, damu inashuka, na moyo uliopoa na uliopungukiwa hauwahi kuifuata. Hesabu yake ni ile ile ya Kazakhstan, ila aliyeokolewa ziwani hakuwahi kunywa maji yenye chumvi wala kuvaa soksi za kubana.

Asiyepumua hutolewa majini upesi kwa njia yoyote iliyopo na kupewa pumzi, kwa kuwa kwake hakuna kinachotangulia hilo. Anayepumua na aliyekaa majini muda mrefu huletwa hadi ubavuni mwa chombo na kuingizwa ndani akiwa amelala: mmoja hushika mabega, mwingine magoti, au hupitishiwa kipande cha wavu au turubai chini yake, akaviringishwa ndani. Haachwi apande mwenyewe hata akisema anaweza, wala hafungwi kamba kwapani na kuinuliwa kama ndoo ya kisimani. Akiisha kuingia hulazwa chini ya boti na kufunikwa, nguo zilizolowa zikiondolewa pasipo kumsimamisha. Na boti ifikapo pwani, iwe Bangwe, Katonga au Kibirizi, hushushwa vile vile, amelala, akabebwa.